Mchoro wa kaliko yetu ulivunjika wapi?

Wamama wote mlioandamana tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka jana mnaikumbuka kaliko yetu. Miti miwili ya mianzi, kitambaa cheupe cha zaidi ya mita mbili, jina la shirika juu, na katikati mama mwenye kitunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, vilima vya Masisi vikienda toka pembe moja hadi nyingine. Kwenye simu mchoro ule ulikuwa mzuri sana, hata mmoja wetu aliuweka kuwa picha ya simu yake. Kwenye kaliko ulikuwa kitu kingine. Mkanda wa kichwani uligeuka ngazi. Shavu liligeuka matofali. Mama mmoja wa sokoni alisimama mbele yake akauliza kwa sauti: "Mwalimu, huyu ni mama ao ni nyumba inajengwa?"

Tulicheka. Lakini kaliko ile ilitula dola 25 za sanduku la AVEC, pesa ambazo mama mmoja alikuwa ameziomba kwa ajili ya mbegu ya viazi akaambiwa angoje. Na msichana aliyechora, mwanafunzi wa darasa la tatu la sekondari, alikuwa amesimama pale pembeni akisikia. Jioni mama yake alimnyang'anya simu. Alisema simu inaharibu masomo, na sasa imeharibu jina la familia pia. Yule mtoto alikaa miezi mingi bila kuchora hata ua.

Leo ninaandika kwa sababu kosa halikuwa lake. Kubwa lilikuwa langu.

Mimi ndiye niliyepokea mchoro. Sikuomba faili lenyewe. Nilipiga foto ya kioo cha simu yake, kwa vile vidole viwili tunavyobonyeza pamoja, nikakata pembeni ili ubaki mchoro tu, nikautuma kwa WhatsApp kwa shemeji yangu Goma, naye akautuma kwa seketariati wanaochapa. Mchoro ulipita mikono mitatu, na kila mkono uliutoa kitu. Uliofika ulikuwa na miraba 700 tu kwa upana. Wakautandaza kwenye kitambaa cha mita mbili na sentimita kumi. Gawanyeni wenyewe: kila mraba ulipata milimita 3, karibu na punje ya mtama. Jicho lolote linaiona punje ya mtama.

Miraba hiyo ndiyo inaitwa pikseli. Wamama mnaodarizi vitambaa vya meza kwa mishono ya msalaba mnaijua tayari, ila hamjaiita kwa jina hilo. Chukua ua lile lile, lidarizi kwenye gunia, kisha lidarizi kwenye kitambaa chenye nyuzi nyembamba. Kwenye gunia ukingo wa jani unapanda kama ngazi, kwa sababu kila msalaba ni mkubwa na hauwezi kukaa nusu hapa nusu pale. Kwenye kitambaa chembamba ngazi bado ipo, lakini vidato vyake ni vidogo mno, na jicho linavipita bila kuviona. Mshonaji ni yule yule, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni nyuzi ngapi zimo ndani ya sentimita moja.

Si mimi niliyevumbua mfano huu. Michoro midogo ya kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 ilichorwa na mwanamke wa Marekani, Susan Kare. Alikuwa na daftari la miraba kama yale ya watoto wetu wa hesabu, na kwa kila alama alikuwa na miraba 32 kwa 32, nyeusi ao nyeupe, basi. Alikuwa amefundishwa na mama yake kudarizi kwa kuhesabu nyuzi. Na kabla yake, mwaka 1957, mhandisi Russell Kirsch, huko huko Marekani, aliingiza foto ya kwanza ndani ya kompyuta. Foto gani? Ya mtoto wake wa kiume wa miezi mitatu. Ilikuwa na miraba 176 kwa 176. Kirsch alipopita miaka 80 alikuwa bado anatafuta namna ya kuachana na umbo la mraba, maana yeye mwenyewe aliona kwamba ngazi zinazotusumbua zilianzia kwake.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Mistari inavunjika sehemu tatu: kabla ya kuchora, wakati wa kuchora, na baada ya kuchora. Sisi tulivunja zote tatu, lakini ya kwanza na ya mwisho ndizo zilizotumaliza.

Kabla ya kuchora, programu inakuuliza unataka karatasi ya ukubwa gani. Msichana wetu anatumia ibisPaint, inayofanya kazi hata bila mtandao, na hilo huku kwetu si jambo dogo. Alichagua karatasi ya kwanza iliyoonekana, kama watoto wote wanavyofanya. Hapo ndipo mtu mzima anapaswa kukaa karibu naye na kumwuliza: mchoro huu utakwenda wapi? Utabaki kwenye simu, utachapwa kwenye karatasi ya mkononi, kwenye fulana, ao kwenye kaliko? Kwa kitu kinachosomwa karibu, kama karatasi ao kadi, wachapaji wanataka nukta 300 kwa kila inchi, yaani karibu 120 kwa sentimita. Karatasi ya A4 nzima inafanya miraba 2480 kwa 3508. Kwa fulana nusu ya hesabu hiyo inatosha. Kwa kaliko inayotazamwa toka upande wa pili wa njia, miraba 30 kwa sentimita ni kizuri kabisa.

Basi sentimita 210 mara 30 ni 6300. Sisi tulikuwa na 700. Tulipungukiwa mara tisa.

Msichana mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu hiyo nilipomketisha na daftari, na hakuhitaji msaada wangu. Ni ile ile règle de trois tunayowafundisha darasani kwa bei ya sukari, na ambayo nusu ya darasa wanaichukia. Ninamwambia mama yake hadharani hapa: simu ile, siku ile, ilifanya kazi yangu ya mwalimu.

Jambo moja ambalo wengi hawalikubali mpaka walione: mchoro mdogo haukui. Ukiuvuta uwe mkubwa, programu haina habari mpya ya kuweka katikati ya miraba. Inabahatisha, ao inapanua kila mraba, na unapata ukungu ao matofali. Mkubwa ukiupunguza ni salama. Hivyo anza na karatasi kubwa, lakini si kubwa mno. A4 ile niliyoitaja ina miraba zaidi ya milioni 8, na programu inaibeba yote kwa kila tabaka. Simu ya bei ndogo inapata moto, inachelewa nyuma ya kidole, betri inaisha, na ukumbuke utalipa tena kwenye paneli kuchaji. Ikianza kuchelewa, punguza idadi ya tabaka kwanza, ndipo upunguze karatasi.

Wakati wa kuchora, shida ni mkono. Nilipokuwa kwenye Taasisi ya Ualimu tulifundishwa kuchora duara ubaoni bila kifaa. Mwalimu wetu alitupigia kelele: acheni kiganja, tumieni bega! Kiganja kinazunguka kidogo kisha kinakwama, na hapo mstari unapata nundu. Bega linazunguka mbali. Kwenye simu bega ni kubwa mno, lakini kiwiko kinafaa. Weka simu mezani, si mkononi. Kausha kidole, maana kidole kilichotoka kumenya viazi kinafanya mstari uruke. Vuta mstari kuja kwako badala ya kuusukuma mbali, na kama mstari unakwenda vibaya kwa mkono wako, zungusha karatasi kwa vidole viwili mpaka ukae vizuri. Pitisha kidole hewani mara mbili juu ya njia, ndipo ushuke. Mstari mmoja wa mara moja unashinda mistari ishirini mifupi iliyopandana kama nywele. Ukikosea, futa, rudia. Karatasi ya simu haiishi.

Mwendo nao una maana. Kioo kinasoma mahali kidole kilipo mara nyingi kwa kila sekunde, na programu inaunganisha nukta hizo. Ukienda polepole sana, kila mtetemo mdogo unasomwa na kuandikwa. Ukienda mbio, mstari unakuwa laini lakini unapotea njia. Ndiyo maana programu hizi zina msaada unaotuliza mkono. Kwenye simu iliyowekwa Kifaransa mtasoma Stabilisateur. Ukiuwasha, mstari haukifuati kidole moja kwa moja. Unavutwa nyuma yake kama ndama anavyovutwa kwa kamba: mwenye kamba akiyumba kidogo huku na huku, ndama anakwenda tu njia yake. Una kipimo cha kuongeza na kupunguza. Kwa mstari mrefu wa kilima, ongeza. Kwa jicho na midomo, punguza, la sivyo pembe zote zinakuwa mviringo na uso unakosa roho. Msichana wetu alikuwa hajui kama msaada huo upo. Mistari yake yote ya mwaka jana ilitoka kwa mkono wake mtupu, na bado ilikuwa mizuri vile.

Anachora rasimu kwa rangi hafifu kwenye tabaka moja, kisha anapitisha mstari safi kwenye tabaka la juu, halafu anaficha lile la chini. Nimewaona watu wazima wanaochora kila kitu kwenye tabaka moja na kulia baadaye.

Jambo lingine la kutuliza moyo: ukikaribisha mchoro sana kwa vidole viwili utaona ngazi kila wakati, hata kwenye mchoro wa fundi. Si ugonjwa. Programu huwa inaweka miraba ya rangi ya kati pembeni mwa mstari, kijivu kati ya nyeusi na nyeupe, ili jicho lisione kidato. Ukikaribia unaona kijivu hicho na unadhani ni uchafu. Rudi kwenye ukubwa wa kawaida ndipo uhukumu. Kinachoharibu kweli ni kuzungusha na kupanua na kupunguza kipande kile kile mara kumi, kwa sababu kila mara programu inapiga hesabu ya rangi upya na kila mara ukingo unalegea kidogo, kama kitambaa kinachofuliwa mno.

Baada ya kuchora kuna kuhifadhi na kutuma, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu ni hapa mimi nilipopotea.

Faili la picha linaweza kuwa la aina ya JPEG ao PNG. JPEG ilitoka mwaka 1992 kwa ajili ya foto. Inapunguza uzito kwa kukata picha kwenye vipande vya miraba 8 kwa 8 na kutupa kile ambacho jicho halitakikosa sana. Kwenye foto ya harusi hutaona. Kwenye mstari mweusi juu ya kitambaa cheupe utaona vumbi pembeni mwa mstari, na kila ukifungua, kubadilisha na kuhifadhi tena, vumbi linaongezeka. PNG inapunguza uzito pia, lakini haitupi kitu. Kwa michoro na alama za shirika, hifadhi PNG.

Kisha WhatsApp. Ukituma kama foto ya kawaida, inaipunguza ili mega zako zisiishe. Ni wema, lakini kwa mchapaji ni hasara. Tuma kama dokima: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, tafuta faili, tuma. Hapo linafika kama lilivyoondoka. Mchoro wetu mpya unabeba mega zisizozidi 3. Linganisha na dola 25.

Na kupiga foto ya kioo, kama nilivyofanya mimi, ni kuchukua miraba ya kioo tu. Mchoro unaweza kuwa na miraba elfu tatu ndani, lakini kioo cha simu nyingi tulizonazo kina 720 kwa upana. Umeacha maziwa kwenye ndoo na umechukua kikombe.

Ipo njia nyingine kabisa ya kuchora ambayo haina miraba. Badala ya kuhesabu nyuzi, kompyuta inakumbuka kanuni ya mstari: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Ukiipanua iwe kubwa kama ukuta wa kanisa, inapiga hesabu upya na mstari unabaki laini. Hesabu hizo zilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, kwa Pierre Bézier wa Renault na Paul de Casteljau wa Citroën, miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu mlango wa gari haukubali nundu. Programu ya bure ya kompyuta inayofanya hivyo inaitwa Inkscape. Mwenzangu wa shule mwenye kompyuta alijaribu kuupitisha mchoro wa mama humo. Vilima vilitoka vizuri kabisa, kitunga pia. Uso ulitoka kama kinyago, kwa kuwa msichana anatia kivuli laini kwenye shavu na njia hii inapenda rangi tambarare. Maoni yangu: kwa muhuri na alama ya shirika tumia Inkscape, kwa uso wa mtu baki na miraba mingi.

Na maandishi? Msiyachore ndani ya picha hata siku moja. Mwacheni mchapaji ayaandike kwenye kompyuta yake, maana herufi za kompyuta zimetengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya kanuni na hazivunjiki. Mpelekeeni maneno kwenye ujumbe, yamesahihishwa. Mwaka jana jina letu lilikosa herufi moja pia, lakini hakuna aliyeliona kwa sababu wote walikuwa wanatazama shavu.

Mwezi uliopita tulikaa kikao kwa ajili ya kaliko ya mwaka huu. Haikuwa rahisi. Mama mmoja alisema twende na maandishi matupu, tusicheze tena na pesa za sanduku. Ana haki ya kusema hivyo, na yule aliyengojeshwa mbegu alikaa kimya, kimya ambacho nilikisikia. Nilisimama nikaeleza kosa langu kama nilivyolieleza hapa, na nikasema nitalipa mimi nusu. Mama wa msichana aliuliza kama ni kweli mtoto hakukosa. Nikamjibu: alikosa karatasi, hakukosa mkono. Simu ilirudishwa, na masharti yake: baada ya kazi za shule, na si usiku.

Simu yake haiwezi kubeba miraba 6300. Tukabadilisha mpango badala ya kubadilisha simu. Mama na kitunga chake watakaa ndani ya duara la sentimita 80 katikati ya kitambaa, na 80 mara 30 ni 2400, ambayo simu inabeba ikiwa na tabaka nne bila kupata moto. Vilima vitakwenda kushoto na kulia toka Inkscape, rangi moja ya kijani. Maneno yataandikwa kule kule Goma. Kabla ya kulipa chochote tuliomba seketariati wakate kipande cha uso na kukichapa kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa wake wa kweli, jicho moja na sehemu ya mkanda. Karatasi hiyo ilifika siku ya posho kwa mtu wa moto. Niliishika mkono umenyooka, kisha nikaibandika ubaoni nikarudi nyuma hadi mlangoni. Mkanda ulikuwa mkanda.

Msichana atapewa dola 5 za kazi yake, kikao kilikubali kwa mikono kumi na minne dhidi ya mitatu. Faili lenyewe, PNG, liko kwenye simu mbili: ya kwake na ya mwandishi wa shirika. Kikundi kinachotaka alama yake ichorwe kwa namna hiyo kinione shuleni baada ya saa saba, na kije na kipimo cha mahali itakapochapwa, kwa sentimita.